Matawi ya ukoo uliohamia magharibi mwa Marekani: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba watu wawili wenye jina moja la ukoo, ambao watoto wao pia wanarithishana majina yaleyale, hawawezi kukosa kuwa wa damu moja. Abraham Lincoln, aliyekuwa rais wa Marekani, aliikataa hoja hiyo alipokuwa akiandika juu ya nasaba yake. Katika maelezo mafupi ya maisha yake ya mwaka 1859 alisema kwamba jitihada za kuiunganisha familia yake na akina Lincoln wa New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, hazikuzaa jambo la hakika zaidi ya kufanana kwa majina kama Mordecai, Levi na Solomon. Uhusiano huo ulikuwepo kweli, lakini aliyeuamini kwa sababu ya majina tu alikuwa amebahatisha.

Kilichouthibitisha ni karatasi za mali. Samuel Lincoln alifika Massachusetts, huko New England, mwaka 1637, na mjukuu wake Mordecai akahamia New Jersey, kisha Pennsylvania, alikofariki mwaka 1736. Wosia wa Mordecai ulimwachia mwanawe John ardhi iliyokuwa New Jersey, na kwa njia hiyo tawi la John, lililohamia kusini baadaye, likafungamana na chimbuko lake. Mtafiti makini huanza na kumbukumbu za aina hii: mirathi, hati za mauziano ya ardhi, na nyaraka za uwakilishi ambazo warithi waliokwisha kuhama waliwatumia ndugu waliobaki nyumbani ili wawauzie sehemu zao.

Wengi pia hudhani kwamba familia hizo zilielekea magharibi moja kwa moja. Milima ya Appalachia ilikuwa kizuizi kikubwa, kwa hiyo wengi walioondoka Pennsylvania waliteremka kwanza kusini kwa kufuata mabonde. John Lincoln alikwenda Virginia, na mwanawe Abraham, babu wa rais, ndiye aliyevuka kwenda Kentucky mwanzoni mwa miaka ya 1780. Hata neno kuvuka lina mtego wake, kwa kuwa Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia hadi mwaka 1792. Mtu anaweza kuonekana katika majimbo mawili bila kuhama shamba lake, maana mipaka ndiyo iliyosogea.

Dhana nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopoteza watu wengi zaidi, ni kwamba ndugu wa tumbo moja lazima wawe na hali inayofanana. Babu huyo wa rais aliuawa mwaka 1786, wakati sheria ya Virginia ilipokuwa bado ikimpa mtoto wa kiume wa kwanza ardhi yote ya baba aliyekufa bila wosia. Kifungua mimba wake, Mordecai mwingine, akawa mwenye mashamba, ilhali mdogo wake Thomas, baba wa rais, alikua akihangaika na vibarua. Anayemtafuta Thomas katika mgawanyo wa ardhi hiyo asipomwona hana haki ya kumtoa katika ukoo.

Sensa nayo hupewa sifa isiyostahili. Tangu ilipoanza mwaka 1790 hadi ile ya 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya tu na kuwahesabu waliobaki kwa makundi. Ni mwaka 1850 ambapo kila mtu huru alitajwa kwa jina pamoja na mahali alipozaliwa. Kwa kipindi cha nyuma, maombi ya pensheni ya askari wa Vita vya Mapinduzi, yaani vita vya uhuru wa Marekani, chini ya sheria ya 1832 yana manufaa zaidi, kwani wengi walieleza kwa kiapo walikozaliwa na kila mahali walipoishi baada ya vita.

Vipimo vya vinasaba havijaiondoa kazi hii. Kromosomu Y, inayopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, inaweza kuonyesha kwamba wanaume wawili wana babu mmoja upande wa kiumeni, lakini kwa kawaida haisemi ni yupi kati ya ndugu watatu aliyemzaa nani.