Lapita Si Jina la Kabila

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu mabaharia wa kale wa Bahari ya Pasifiki, limezoeleka sasa neno "Walapita", likitumiwa kana kwamba lilikuwapo kabila la jina hilo, lenye nchi yake, lugha yake na sura yake, ambalo siku moja lilipakia mitumbwi na kwenda kuvijaza visiwa. Wako hata wanaosema kwamba hao hao Walapita ndio waliofika Bukini, yaani Madagaska. Kosa hili linafunika sehemu nzuri kuliko zote za habari yenyewe, na kwa hiyo linastahili kusahihishwa.

Kwa ufupi, Lapita ni mtindo wa ufinyanzi, pamoja na vitu vinavyofukuliwa karibu na vyungu hivyo: tezo za mawe, mapambo ya kombe, na mifupa ya kuku na nguruwe. Ulijitokeza katika funguvisiwa la Bismarck, kaskazini-mashariki ya Papua Guinea Mpya, yapata miaka 3,300 iliyopita, na katika karne chache tu ulikuwa umeshapita Vanuatu, Kaledonia Mpya na Fiji hadi Tonga na Samoa.

Jina lenyewe ni la juzi. Vigae vya aina hii vilionekana mwaka 1909 katika kisiwa cha Watom, huko huko Bismarck, alipokuwa akihudumu padri mmisionari Otto Meyer, na baadaye vingine vikapatikana Tonga, lakini hakuna aliyeviunganisha. Mwaka 1952 wanaakiolojia Edward Gifford na Richard Shutler walichimba katika pwani ya magharibi ya Kaledonia Mpya, mahali ambapo wenyeji walipataja kwa neno la Kihaveke, lugha ya huko, xapeta'a, lenye maana ya kuchimba shimo. Wachimbaji walisikia "Lapita", wakaandika hivyo, na Gifford akatambua kwamba vigae vya hapo vinafanana na vile vya Watom na Tonga, ingawa mahali hapo panatenganishwa na maelfu ya kilomita za maji. Jina la eneo moja la uchimbaji, tena lililosikiwa vibaya, likawa jina la mtindo mzima. Watu waliofinyanga vyungu hivyo hawakulijua kamwe.

Ukikitazama kigae chenyewe kwa karibu, utaelewa kwa nini Gifford hakuweza kukosea. Chungu kilifinyangwa kwa mkono bila gurudumu, kikachomwa kwenye moto wa wazi, lakini kabla udongo haujakauka mfinyanzi alichukua kifaa chenye meno madogo yaliyopangwa kwa mstari, akakigandamiza mara kwa mara hadi nukta zikafanya mistari, mistari ikafanya mapambo, na ndani ya mapambo, katika vyungu vilivyo bora zaidi, ukatokea uso wa mtu wenye macho makubwa na pua ndefu. Nukta hizo zilijazwa chokaa nyeupe ili zionekane juu ya udongo mwekundu. Vyungu vilivyopambwa hivyo vilikuwa vichache. Vingi vilikuwa vya kawaida, visivyo na pambo lolote.

Sasa tuje kwenye tofauti ambayo neno "Walapita" linaifuta. Chungu, lugha na damu ni mambo matatu, na kila moja lina njia yake ya kusafiri. Huko Teouma, katika kisiwa cha Efate nchini Vanuatu, yamefukuliwa makaburi ya miaka ipatayo 3,000, ambamo mafuvu yaliondolewa baada ya maziko, na fuvu moja lilikutwa ndani ya chungu. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba vya wanawake watatu wa Teouma na mmoja wa Talasiu, Tonga, ulionyesha kwamba asili yao ilikuwa karibu na ya wenyeji wa Taiwan na wa kaskazini ya Ufilipino, bila dalili ya kutosha ya damu ya Kipapua, yaani ya wenyeji wa kale wa Guinea Mpya na visiwa vya jirani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya asili ya watu wa Vanuatu wa leo ni ya Kipapua, kwa sababu karne chache baadaye waliwasili wageni kutoka upande wa Bismarck. Na bado lugha za asili za nchi hiyo, zaidi ya 100, zote ni za jamii ya Kiaustronesia, ile jamii kubwa ya lugha iliyoenea kutoka Taiwan hadi visiwa vya Pasifiki na Bukini. Damu ilibadilika kwa kiasi kikubwa, lugha ikabaki, na vyungu vya nukta vilikuwa vimekwisha kuachwa. Kati ya hao, Mlapita ni yupi?

Hata huko Bismarck mambo hayakuanzia kwa wageni. Jiwe la kioo la volkano kutoka Talasea, ambalo wenye vyungu vya Lapita walilifikisha hadi Fiji, zaidi ya kilomita 3,000, lilikuwa likivushwa bahari na wenyeji wa visiwa hivyo tangu miaka ipatayo 20,000 iliyopita.

Ama kuhusu Bukini, Kimalagasi ni ndugu wa Kimaanyan cha kusini ya Borneo, na hakishuki kutoka kwa lugha za Fiji au Tonga. Wasemaji wake walivuka Bahari ya Hindi katika milenia ya kwanza baada ya Kristo, zaidi ya miaka elfu moja tangu mtindo wa Lapita ulipokoma, nao wakachanganyika na Wabantu kiasi kwamba hadi leo ng'ombe kwao ni omby, kondoo ni ondry na kuku ni akoho. Anga wanaiita lanitra, Wamalay langit, Wamaori rangi: huo ni undugu wa lugha, na jina lake ni Kiaustronesia.

Kwa hiyo ninawaomba waandishi wenzangu waseme "utamaduni wa Lapita" au "wafinyanzi wa Lapita" wanapozungumzia vyungu na zama zake; waseme "wasemaji wa Kiaustronesia" wanapozungumzia lugha; na wawaache Wamaori, ambao mababu zao walifika Nyuzilandi katika karne ya 13 bila ufinyanzi wowote, waitwe Wamaori.