Msaidizi wa sauti katika usimamizi wa jengo la kazi ni nini?

Msaidizi wa sauti ni programu inayomsikiliza mtu akizungumza, inatambua anachotaka, kisha inatekeleza au inamjibu kwa sauti. Wengi wamemzoea kwenye simu na spika za nyumbani: Siri ya Apple ilitoka mwaka 2011, Alexa ya Amazon mwaka 2014, na Google Assistant mwaka 2016. Akiingizwa kwenye jengo la kazi, msaidizi wa aina hiyo hupewa majukumu mengine. Hupokea taarifa za hitilafu, huwasha na kuzima taa na viyoyozi, huweka nafasi ya chumba cha mikutano, humsomea fundi historia ya mashine, na huandika kile fundi anachomwambia.

Usimamizi wa jengo wenyewe ni kazi pana kuliko inavyodhaniwa. Umeme, maji, hewa, lifti, usafi, ulinzi, samani na kinga ya moto, vyote vimo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 41011 cha mwaka 2017 kinaueleza kuwa ni jukumu linalounganisha watu, mahali na taratibu za kazi, ili maisha ya watu yawe bora na kazi ya taasisi isonge. Ni kazi ya taarifa ndogondogo zinazoingia kutwa nzima kutoka kwa watu wengi, na hiyo ndiyo sababu sauti ina nafasi hapa.

Tuifuate sentensi moja tangu inapotamkwa. Mfanyakazi anataja kwanza neno la kuamsha, lile ambalo kifaa hulisubiri muda wote. Neno hilo kwa kawaida hutambuliwa na kifaa chenyewe. Kinachofuata baada yake ndicho hurekodiwa na, kwa mifumo mingi, hupelekwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya mtoa huduma. Anasema: “Kiyoyozi cha chumba cha mikutano ghorofa ya tatu kinavuja maji.” Hatua ya kwanza hugeuza sauti hiyo kuwa maandishi. Hatua ya pili huyachambua: msemaji anatoa taarifa ya hitilafu, haulizi wala haamuru; kifaa ni kiyoyozi; mahali ni ghorofa ya tatu; tatizo ni uvujaji. Hapo mfumo wa matengenezo hufungua oda ya kazi, fundi wa zamu hupata ujumbe, na mtoa taarifa huambiwa namba ya oda yake. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kutafuta fomu ya kujaza.

Lakini kuna jambo ndani ya mfano huo ambalo kwangu ndilo kiini cha mada nzima. Chumba kile watu hukiita “chumba kikubwa”. Kwenye mchoro wa jengo kimeandikwa Chumba cha Mikutano B. Kwenye rejista ya vifaa kinasomeka 3-M-02, na kina viyoyozi viwili. Programu inaweza kusikia kila silabi bila kukosea, na bado fundi akapelekwa kusikotakiwa, kwa sababu hakuna mahali majina hayo matatu yalipounganishwa. Sauti ni mlango tu wa kuingilia. Aliyemo ndani ni rejista, na msaidizi hawezi kulijua jengo kuliko rejista inavyolijua. Taasisi inayotaka msaidizi wa sauti ianze kwa kuzunguka jengo chumba kwa chumba, iandike kila kifaa na kila jina ambalo watu hulitumia, hata yale ya utani. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna programu ya kuinunua ili ikufanyie. Ikishafanyika, msaidizi ataweza kuuliza swali moja la maana: “Kile cha upande wa dirisha au cha upande wa mlango?” Spika iliyofungwa ukutani ina faida ya ziada hapa, kwa kuwa inajua iko chumba gani. Mtu akisema tu “hapa pana joto sana”, inatosha.

Kuhusu mitambo mikubwa, msaidizi hapaswi kuiamuru moja kwa moja. Majengo mengi ya kisasa yana mfumo mkuu unaodhibiti hewa na taa, na vifaa vyake huwasiliana kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, kama BACnet, iliyotolewa mwaka 1995 na chama cha wahandisi cha ASHRAE cha Marekani na baadaye ikawa kiwango cha kimataifa. Msaidizi hupeleka ombi kwa mfumo huo, nao huamua kwa mipaka uliyowekewa. Mtu akitaka ofisi ya wote ishuke hadi nyuzi 10, ombi linakataliwa, na anaelezwa kiwango kinachoruhusiwa.

Anayenufaika zaidi, kwa maoni yangu, ni fundi. Wafanyakazi wa maghala wameelekezwa kwa sauti kupitia vifaa vya kichwani kwa miaka mingi kabla ya spika za mezani kuvuma, na sababu ni ileile: mikono ina kazi. Mfikirie fundi aliyepiga magoti kando ya pampu, glavu zimelowa grisi, tochi kinywani. Akiitoa tochi, anasema: “Pampu namba mbili, mota inavuta ampea kumi na nne nukta mbili, beringi ya mbele inalia.” Msaidizi anamrudia maneno hayo, naye anasema “sawa”. Kipimo kimeingia kwenye kumbukumbu ya pampu ile, kwa saa ile. Bila hivyo kingeandikwa mwisho wa zamu kutoka kichwani, au kisiandikwe kabisa. Kule kurudia ndiko kunakolinda ukweli wa rekodi. Msaidizi asiyerudia namba asipewe kazi ya vipimo.

Wengine wananufaika pia. Mtu asiyeona, au ambaye mikono yake haina nguvu, anaweza kuwasha taa, kuita lifti au kuripoti mlango mbovu bila kumsubiri mwenzake. Wapo pia wafanyakazi ambao hawajazi fomu yoyote. Kiti kikivunjika hukisogeza kando tu na kuchukua kingine. Hao wataripoti ikiwa kuripoti ni kusema sentensi moja.

Lugha ina mitego yake. Mzungumzaji wa Kiswahili akisema “niwekee chumba saa tatu asubuhi”, anamaanisha saa ambayo mfumo huandika 9:00. Programu iliyotafsiriwa kijuujuu itaweka 3:00, yaani saa tisa usiku, na kikao kitakuta chumba kimechukuliwa na watu wengine. Lafudhi nazo zina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford ulipima mifumo ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft kwa wazungumzaji wa Kiingereza nchini Marekani. Kwa wastani mifumo hiyo ilikosea asilimia 35 ya maneno ya wazungumzaji weusi, na asilimia 19 ya maneno ya weupe. Kwa hiyo majaribio yasifanywe na mameneja peke yao ndani ya ofisi tulivu. Wajaribu wafanya usafi, walinzi na mafundi, kwa namna wanavyozungumza kila siku, jenereta ikiwa inanguruma. Asiyesikika na mashine anabaki nyuma kwenye huduma ambayo ni haki yake kama wengine.

Usalama nao unataka msimamo mkali. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, walionyesha kuwa wasaidizi wa sauti wanaweza kuamrishwa kwa mawimbi ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Michigan na Tokyo walifanya hivyo kwa mwanga wa leza ulioelekezwa kwenye maikrofoni, hata ukipitia kioo cha dirisha. Kufungua milango, kuzima kengele za moto na kuondoa ulinzi visiwekwe chini ya amri ya sauti peke yake. Kadi au namba ya siri ibaki palepale.

Kisha kuna faragha. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba kampuni kubwa za teknolojia zilikuwa na watu wanaosikiliza sehemu ya rekodi za watumiaji ili kuboresha programu. Apple iliomba radhi na kusimamisha utaratibu wake kwa muda. Kifaa huamka pia kwa makosa, kikidhani kimesikia neno lake. Kwenye chumba ambamo mishahara, magonjwa na nidhamu za watu hujadiliwa, hilo ni jambo zito. Wafanyakazi waambiwe maikrofoni ziko wapi, rekodi hukaa muda gani na nani anazifikia, na kila kifaa kiwe na kitufe cha kukizima masikio. Rekodi ya mtu aliyeripoti bomba lililopasuka isije ikatumiwa kumhukumu kwa alichokuwa anazungumza na mwenzake.

Mwenye kununua aangalie pia uhai wa huduma. Amazon ilianzisha Alexa for Business mwaka 2017 mahsusi kwa ofisi, kisha ikaifunga mwaka 2024. Oda za kazi, rejista na historia za mashine zikae kwenye mfumo wa taasisi yenyewe, ili msaidizi mmoja akiondoka mwingine aunganishwe bila kupoteza kitu.

Programu mpya zinazoendeshwa na modeli kubwa za lugha, yaani akili bandia iliyofunzwa kwa maandishi mengi, zinaelewa maneno ya kawaida vizuri zaidi kuliko zile za mwanzo, ila zinaweza pia kubuni jibu kwa ujasiri. Fundi akiuliza valvu ipi inafunga maji ya ghorofa ya pili, jibu litoke kwenye mchoro wa jengo na msaidizi autaje mchoro aliousoma. Kama valvu hiyo haimo kwenye mchoro, aseme haimo, na amuunganishe fundi na mhandisi wa zamu.