Mungu hakufukuzwa shuleni Marekani: dhana potofu tunazozihubiri kama habari

Kila habari za Marekani zinapopamba moto, iwe ni risasi zilizofyatuliwa shuleni, uchaguzi au kesi ya Amri Kumi kubandikwa madarasani, sentensi ile ile hurudi kutoka kwa waumini, walimu wa shule ya Jumapili na hata wahubiri wanaoheshimika: "Walimtoa Mungu shuleni mwaka 1962, sasa wanavuna walichopanda." Imerudiwa hadi watu wanaishika kama andiko. Sisi tusioyumba kuhusu ndoa, uhai wa mtoto tumboni na mamlaka ya Biblia ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kuitamka, maana anayesema kweli katika mambo makubwa hukosa wa kumsikiliza akishikwa na uongo katika jambo linaloweza kuhakikiwa kwa dakika kumi.

Dhana: Maombi na Biblia ni marufuku katika shule za umma za Marekani

Tuanze na kilichotokea. Tarehe 25 Juni 1962 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Engel dhidi ya Vitale, majaji 6 kwa 1. Kilichokuwa mbele yao ni sala moja ya maneno 22 kwa Kiingereza, iliyotungwa na halmashauri ya elimu ya jimbo la New York ili isomwe kila siku darasani. Ilikuwa hivi: Mwenyezi Mungu, twakiri kwamba twakutegemea, na twakuomba baraka zako juu yetu, wazazi wetu, walimu wetu na nchi yetu. Basi. Isome tena polepole. Jina la Yesu halimo, toba haimo, msalaba haumo. Ni sala iliyochujwa na watumishi wa serikali mpaka isimkere mtu yeyote, na bado ilikera. Mahakama ilisema si kazi ya serikali kuwatungia wananchi sala rasmi. Ni hilo tu lililoamuliwa. Jaji Hugo Black, aliyeiandika hukumu hiyo, alikuwa amewahi kufundisha shule ya Jumapili katika kanisa la Wabaptisti.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Juni 1963, ikaja kesi ya Abington dhidi ya Schempp, majaji 8 kwa 1. Sheria ya Pennsylvania ilitaka angalau aya kumi za Biblia zisomwe kila asubuhi bila maelezo, kama ibada ya kufungulia siku. Mahakama ilikataa ibada hiyo iliyoamriwa na jimbo, lakini hukumu hiyo hiyo inasema wazi kwamba Biblia inaweza kusomwa na kufundishwa shuleni kama fasihi na historia. Kipande hicho karibu kila mhubiri hukiruka.

Marufuku halisi ya sala tunaijua kutoka Danieli 6: siku thelathini, amri iliyotiwa sahihi na mfalme, na tundu la simba kwa atakayekaidi. Mwanafunzi wa Marekani anayefumba macho kabla ya mtihani hayumo katika hali hiyo. Anaruhusiwa kusali kimoyomoyo wakati wowote, kushukuru kabla ya chakula, kusoma Biblia wakati wa mapumziko, kuwaeleza wenzake habari za wokovu kama wengine wanavyoeleza habari za mpira, na kuandika insha inayogusa imani yake, ikapimwa kwa vigezo vile vile vya insha nyingine. Tena sheria ya elimu ya serikali kuu inaitaka kila wilaya ya shule inayopokea fedha zake ithibitishe kwa maandishi, kila mwaka, kwamba haina utaratibu unaozuia sala inayolindwa na Katiba.

Madhara ya dhana hii hayaishii kwenye makosa ya tarehe. Mtoto aliyeambiwa nyumbani na kanisani kwamba kusali shuleni ni kosa hatasali. Hataomba chumba cha kukutana na wenzake. Haki aliyopiganiwa hadi Mahakama ya Juu inabaki kabatini kwa sababu watu wake mwenyewe walimwambia haipo. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko mengine yote.

Haki yenyewe ina jina na mwaka. Sheria ya Fursa Sawa, iliyosainiwa na Rais Ronald Reagan Agosti 1984, inasema hivi: shule ya umma ya sekondari inayopokea fedha za serikali kuu, ikiwa imeruhusu hata klabu moja isiyohusiana na masomo kukutana nje ya vipindi, haiwezi kuikataa klabu nyingine kwa sababu ya dini, siasa au falsafa yake. Mwaka 1990, katika kesi ya Mergens kutoka Omaha, Nebraska, shule iliyokuwa na klabu ya kupiga mbizi na ya chesi ilidai haiwezi kuwa na klabu ya Kikristo. Ilishindwa, majaji 8 kwa 1. Wapiga mbizi wamepewa chumba, basi wasoma Biblia nao wapewe.

Lakini sheria hiyo ina masharti, na hapa ndipo vijana wetu hukwama. Klabu lazima ianzishwe na wanafunzi wenyewe, kwa hiari. Mwalimu anaweza kuwepo kama msimamizi tu. Haongozi sala wala hafundishi. Mtu wa nje hawezi kuiongoza, kuitawala wala kuhudhuria mara kwa mara. Mchungaji wa vijana mwenye bidii anayefika kila Jumatano na gitaa na kushika usukani anaiua klabu kwa mikono yake mwenyewe, kisha kanisa linalalamika kwamba shule inawatesa Wakristo. Mwaliko wa mara moja moja hauna shida.

Kwa hiyo mwanafunzi afanye hivi. Kwanza apate orodha ya klabu zilizopo shuleni. Hiyo ndiyo silaha yake, hata kabla ya sheria yenyewe. Aandike ombi fupi kwa mkuu wa shule, lenye jina la klabu, siku na saa nje ya vipindi, na majina ya wanafunzi wachache. Aombe kile kile wanachopewa wengine: chumba, nafasi kwenye matangazo, ukurasa kwenye kitabu cha mwaka. Asiombe zaidi. Akikataliwa, aombe jibu kwa maandishi, na wazazi walipeleke kwa msimamizi wa wilaya wakiitaja sheria ya 1984 na kesi ya Mergens. Wajue pia kwamba shule ikifunga klabu zote zisizohusiana na masomo, sheria hii haiibani. Kwa watoto wa shule ya msingi njia ni nyingine: hukumu ya Good News Club ya mwaka 2001 iliamua kwamba shule inayoruhusu vikundi vya jamii kutumia majengo yake baada ya masomo haiwezi kukifungia mlango kikundi cha Kikristo, hata kikiongozwa na watu wazima kutoka nje.

Wapo wanaokosea upande wa pili. Tangu Joseph Kennedy, kocha wa shule ya umma huko Bremerton, jimbo la Washington, ashinde kesi yake Mahakama ya Juu tarehe 27 Juni 2022, wanahubiri kwamba sasa walimu wameruhusiwa kuongoza sala darasani. Hapana. Kennedy alipiga magoti katikati ya uwanja baada ya mechi kwisha, wakati ambao makocha wengine walikuwa huru kupiga simu au kusalimiana na watu, na alichoadhibiwa ni sala tatu za Oktoba 2015. Mahakama, 6 kwa 3, ilisema hiyo ni sala yake binafsi. Haikusema kocha awapange wachezaji na kuwaombesha. Hukumu za 1962 na 1963 bado zimesimama, na vivyo hivyo ya 1992 kuhusu kiongozi wa dini kualikwa na shule kusali kwenye mahafali, na ya 2000 kuhusu sala kupitia kipaza sauti cha shule kabla ya mechi.

Na ile kauli kwamba risasi madarasani ni malipo ya 1962? Luka 13:4. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu kumi na wanane, Bwana akaulizia kama walikuwa wakosaji kuliko wengine, akajibu mwenyewe: sivyo. Anayetaka kutoa tafsiri ya maiti za watoto aanzie hapo.

Dhana: "Ukuta kati ya kanisa na serikali" umo ndani ya Katiba

Haumo. Marekebisho ya Kwanza, yaliyoidhinishwa tarehe 15 Desemba 1791, yanaizuia Kongresi kuweka dini rasmi na kuzuia watu kuishi dini yao. Neno "ukuta" linatoka katika barua ya Thomas Jefferson ya tarehe 1 Januari 1802 kwa Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, na liliingia katika lugha ya Mahakama ya Juu kwa nguvu mwaka 1947 katika kesi ya Everson. Wengi wetu hulijua hilo na kulitumia kama rungu. Tunachosahau ni nani aliyeandikiwa. Wabaptisti wale walikuwa wachache katika jimbo lenye kanisa rasmi la Wakongregesheni, na walimwandikia rais kwa sababu waliona uhuru wao wa ibada unahesabiwa kama hisani ya watawala. Ukuta uliwafaa waumini. Siku mbili baada ya barua hiyo Jefferson alikuwa ameketi kwenye ibada ndani ya ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, akimsikiliza mhubiri wa Kibaptisti, John Leland.

Dhana: Mchungaji Marekani haruhusiwi kugusa siasa mimbarini

Kinachozungumzwa ni kifungu kilichoingizwa mwaka 1954 na Seneta Lyndon Johnson. Kinayahusu mashirika yenye msamaha wa kodi chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi, makanisa yakiwemo, na kinakataza kumpigia debe mgombea au kumpinga. Utoaji mimba, ndoa, kamari, vita, malezi ya watoto: yote hayo mchungaji anaweza kuyahubiri mpaka sauti ikauke, hata wiki ya uchaguzi. Kanisa linaweza kuandikisha wapiga kura bila kuchagua chama. Kosa ni kutaja jina la mgombea kwa niaba ya kanisa na kwa fedha za kanisa. Kanisa moja la Binghamton, New York, lililipia matangazo magazetini siku chache kabla ya uchaguzi wa 1992 kuwaonya Wakristo dhidi ya Bill Clinton. Likapoteza msamaha wa kodi, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na mamlaka ya kodi mwaka 2000. Julai 2025 mamlaka hiyo ilisema katika hati ya mahakamani huko Texas kwamba maneno ya mchungaji kwa waumini wake ndani ya ibada hayahesabiki kuwa kampeni. Hata hivyo kifungu cha 1954 kiliwekwa na Kongresi, na Kongresi haijakifuta. Mhasibu wa kanisa asilisahau hilo.

Dhana: Mahakama imepiga marufuku utoaji mimba nchi nzima

Tarehe 24 Juni 2022, katika kesi ya Dobbs iliyotokana na sheria ya Mississippi ya wiki 15, Mahakama ilifuta hukumu za 1973 na 1992 zilizolinda haki ya kutoa mimba na kulirudisha suala mikononi mwa wapiga kura na wabunge wao. Haikumtangaza mtoto tumboni kuwa mtu mbele ya Katiba. Waliodhani vita vimekwisha walishtuka Agosti ile ile, wapiga kura wa Kansas walipokataa pendekezo lililoungwa mkono na watetezi wa uhai, na tena Novemba 2023, Ohio ilipoandika haki ya kutoa mimba katika katiba yake. Anayewaombea watoto hawa ajue jimbo lake linasema nini leo; jina la Dobbs peke yake halimwambii.

Dhana: Mwoka keki wa Colorado alishinda haki ya kuwakataa wateja mashoga

Mwoka keki huyo alikataa kutengeneza keki ya harusi ya wanaume wawili. Mwaka 2018, 7 kwa 2, alishinda Mahakama ya Juu kwa sababu tume ya jimbo ilionyesha uadui kwa imani yake ilipomsikiliza. Swali kubwa liliachwa. Jibu la sehemu lilikuja 2023 katika kesi ya 303 Creative, 6 kwa 3: jimbo haliwezi kumlazimisha mbunifu wa tovuti atunge ujumbe asiouamini. Hukumu hiyo inahusu ujumbe. Kumnyima mtu bidhaa iliyokwishakaa rafuni kwa sababu ya yeye ni nani ni jambo jingine.

Dhana: Kuna ombi RM-2493 la kufuta matangazo ya injili redioni na kwenye runinga

Huu ni uvumi wa miaka ya sabini unaoendelea kusambazwa, siku hizi kwa simu, ukimtaja Madalyn Murray O'Hair, mwanaharakati mkana Mungu, kuwa ndiye aliyeliwasilisha. Ombi lenye namba hiyo lilikuwepo. Liliwasilishwa Desemba 1974 na wanaume wawili wasiokuwa na uhusiano naye, likihusu masafa ya redio na runinga za elimu, na tume ya mawasiliano ililikataa Agosti 1975. O'Hair hakuhusika kabisa. Mamilioni ya barua za Wakristo zilimiminika kwa tume hiyo kupinga marufuku ambayo haikuwepo. Amri ya tisa inahusu na ujumbe unaousambaza bila kusoma.

Kabla ya kupeleka hukumu mimbarini, ifungue yenyewe kwenye tovuti ya Mahakama ya Juu, ni bure. Mwanzoni kuna muhtasari wa kurasa chache: unasaidia, ingawa si sehemu ya hukumu. Angalia ni nani ameandika maoni ya wengi, usije ukanukuu maoni ya jaji aliyepinga ukidhani ndiyo sheria. Kosa hilo hutokea kila mwaka. Ukisoma kwamba Mahakama "imekataa kusikiliza" kesi, maana yake ni kwamba hawakupatikana majaji wanne kati ya tisa wa kuipokea. Haijasema nani ana haki. Na mswada uliopita Baraza la Wawakilishi peke yake bado ni karatasi: Mswada wa Usawa, wa kukataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia, ulipita huko mwaka 2019 na tena 2021, ukakwama Seneti, na mpaka leo kuna mahubiri yanayouita sheria.