Je, wajua kwa nini mraibu wa heroini hunyweshwa methadoni?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kumpa mtu methadoni ni kumtoa kwenye unga na kumtia kwenye unga mwingine, tena wa bure. "Si amebadilisha tu?" Niliyasema hayo hata mbele ya mama aliyekuwa akimsindikiza mwanawe kliniki kila asubuhi, na ninayajutia.

Kinachochanganya ni kwamba nusu ya maneno hayo ni kweli. Methadoni ni ya ukoo mmoja na heroini, na anayeikatisha ghafla anapata arosto, yale mateso ya mwili kunyimwa dawa uliyoizoea, tena ya siku nyingi. Lakini mwili kuzoea dawa si uraibu wote. Uraibu ni kule kukimbizana: kuuza sufuria ya nyumbani alfajiri ili upate kete, kuchangia sindano kwa sababu arosto haisubiri duka la dawa lifunguliwe. Hapo ndipo VVU na homa ya ini hupita.

Tofauti iko kwenye mwendo. Heroini ni moto wa makuti. Unalipuka mara moja, kisha yanabaki majivu, na anayetaka kuivishia maharage lazima ashinde hapo akichochea. Ukiidunga hufika kwenye ubongo kwa sekunde. Baada ya saa chache mwili unaanza kuidai tena. Methadoni ni mkaa. Inachelewa kushika, haitoi ndimi za moto, ila ukiifukia jioni, asubuhi unakuta kaa lingali jekundu. Kikombe kimoja hushika siku nzima. Tena inakuwa imekalia nafasi zilezile za ubongo ambazo heroini huzitafuta, kama daladala iliyojaa: anayedunga juu ya dozi ya kutosha mara nyingi hakipati alichokifuata. Hatari haijaisha, hasa akichanganya na pombe au dawa za usingizi.

Tiba hii ilianzia New York miaka ya 1960, kwa madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011. Mgonjwa hunywa dirishani mbele ya mhudumu, kisha huongea naye kidogo ili ijulikane amemeza.

Ushahidi kwamba inapunguza vifo ni mwingi. Dozi ndiyo haina kipimo kimoja kwa wote. Huanzwa kidogo, kwa kuwa hujilimbikiza mwilini na wiki za mwanzo ndizo za hatari. Na mgonjwa akiugua kifua kikuu, rifampisini, dawa ya kutibu ugonjwa huo, huliharakisha ini kuiondoa methadoni, kama mtu anayeupepea mkaa ule usiku kucha: unaisha kabla ya alfajiri. Arosto inarudi, kijana anatetemeka na kutoka jasho, majirani wanasema amerudia unga. Kumbe anachohitaji ni dozi ipandishwe.