Tumbo joto kabla ya kuripoti chuo cha unesi

Kila mwaka ikikaribia Septemba simu yangu inaanza kulia usiku. Sio wagonjwa, ni wanafunzi wapya, ama mama zao, ama mtu fulani tulisoma naye zamani akapeana namba yangu bila kuniuliza. "Madam, naripoti jumatatu na chakula hakishuki." "Madam, si nibadilishe tu kozi?" Mwaka jana mmoja aliniandikia saa nane usiku, ako kwao Ahero, sanduku limefungwa, blanketi iko ndani, ndoo iko juu ya sanduku, na yeye amekaa kando ya hiyo ndoo anatetemeka. Sasa kujibu mmoja mmoja kumenichosha, wacha niandike yote hapa niwe natuma link.

Mimi ni nesi, nilifanya wodi ya upasuaji hapa Kisumu miaka mingi kabla niingie kufundisha, na saa hii kazi yangu ni kusimama nyuma ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiingia wodini mara ya kwanza. Kwa hivo mi naona migongo sana kuliko nyuso. Mwenye anaogopa namjua kutoka mlangoni, mabega yamepanda hadi karibu na masikio na magoti yamekazwa kama askari wa paredi. Hayo magoti muyakumbuke, nitayarudia.

Kwanza, hiyo tumbo joto haimaanishi umekosea kozi. Hii nasikianga kila mwaka, ati "kama ingekuwa wito wangu singeogopa", na sijui nani aliwaambia wito unakuja na tumbo baridi. Mwili umesikia kuna kitu kikubwa kinakuja, umemwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu imepunguzwa tumboni imepelekwa kwa misuli, ndo maana chakula hakishuki na ndo maana unaenda choo mara sita kabla ya saa tatu. Ungekutana na kiboko pale Dunga jioni ungesikia vilevile. Mwili haujui tofauti ya kiboko na barua ya adimisheni, na kuuambia "tulia, tulia" ni kazi bure, umejaribu mwenyewe umeona. Mi huwa naupatia kazi ya mikono.

Yule wa Ahero nilimuuliza kama ako na saa ya mshale wa sekunde. Akasema iko, alinunuliwa soko la Kibuye juu iliandikwa kwa list ya vitu vya kubeba. Sawa, nikamwambia vaa. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa kifundo cha mkono mwingine, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba kuhesabu manake gumba liko na mapigo yake, utahesabu yako ukidhani ni ya mgonjwa. Hesabu sekunde 60 zote, usifanye ile ya 15 mara nne, andika. Akaniandikia 114. Mtu mzima akiwa ametulia huwa kati ya 60 na 100, kwa hivo ilikuwa juu, na sikumficha. Alafu nikamwambia avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe kwa mdomo polepole akihesabu hadi sita ama nane, afanye hivo dakika tano. Siri iko kwa kutoa. Ukitoa pumzi kuna neva inaitwa vagasi inashika moyo breki kidogo, ukivuta inaachilia, sasa ukirefusha kutoa breki inakaa sana. Akahesabu tena, 92. Akaniuliza "sasa?" nikamwambia sasa umemaliza somo la kwanza la vipimo na chuo hata haujafika.

Kesho yake nikampatia nyingine, ahesabu pumzi za nyanyake bila nyanya kujua. Hii ni ujanja wa wodi. Mtu akijua unahesabu pumzi zake anaanza kupumua vibaya, sijui kwa nini watu tuko hivo, kwa hivo ukimaliza mapigo usiachilie mkono, endelea kuushika ukiangalia saa kama bado unahesabu mapigo, kumbe macho yako yanaibia kwa kifua. Kupanda na kushuka ni moja. Kawaida ni 12 hadi 20 kwa dakika. Siku nne hizo alipima boma yote, hadi fundi aliyekuja kuangalia paa.

Sasa damu. Hii ndo wengi wanaulizia kwa sauti ya chini, "na kama nitaanguka?" Unaweza anguka, hiyo sitakudanganya. Mi mwenyewe nilianguka, wiki yangu ya pili wodini, kidonda cha mguu cha mama mmoja mzee wa sukari, sikuwa nimekunywa chai asubuhi kwa sababu ya hiyohiyo tumbo joto, nimesimama kando ya troli nimekaza magoti ndio nionekane shupavu. Sista anatoa bendeji ya mwisho, harufu ikanijia, alafu nikaanza kusikia sauti za watu zikitoka mbali kama redio ya jirani, jasho baridi kwa mdomo wa juu. Yule mama ndiye aliniona wa kwanza. Akasema "nyathina, bed piny", mwanangu kaa chini, na yeye ndo mguu wake uko wazi hapo. Nilikaa nimechelewa, nikagonga kitanda na kidevu, alama bado iko.

Hii haimaanishi wewe ni mtu mwoga. Moyo unaenda mbio kwanza, alafu ghafla unapunguza, mishipa inalegea, presha inashuka, damu ya kichwa inapungua. Na ukikaza magoti ukasimama kama mlingoti, misuli ya miguu haisukumi damu irudi juu, inatuama tu huko chini. Kwa hivo kunywa chai na kitu kizito, hata ukilazimisha. Magoti yalegee, badilisha mguu. Ukianza kusikia ile redio ya jirani kaza misuli ya mapaja, mikono na tumbo kwa pamoja, sekunde 10 hadi 15, hadi usikie uso umepata joto, achilia kidogo sekunde 20 ama 30, rudia mara tano. Hiyo inarudisha presha juu. Unaweza kuifanya ukiwa umesimama na hakuna mtu atajua. Ikikataa, sema "Sista naomba nikae" ukae, ama hata ulale chini. Kwa macho yangu wanafunzi wengi walioanguka wiki ya kwanza, mwezi wa tatu ndio wanang'ang'ania chumba cha upasuaji.

Kuna uoga mwingine ambao hamsemi na nafikiri ndo mkubwa kuliko damu, hasa kwa nyinyi mmetoka boma za huku kwetu. Kuosha mtu mzima. Kijana wa miaka 19 kutoka Bumula anaambiwa amsaidie mama wa umri wa nyanyake kuoga kitandani, na kwao hata kiti cha mama mkwe hakikaliwi. Nimeona mmoja amesimama na beseni hadi maji yakapoa. Pazia kwanza, livutwe lote. Jitambulishe, muite vile ungemuita nyumbani, mama, baba, mzee, sio "kitanda namba saba". Omba ruhusa, na akisema anataka msichana amuoshe, usichukie, nenda ulete msichana. Shuka ibaki juu ya mwili, unafunua tu pahali unaosha, unakausha, unafunika, unaenda pengine. Na kila kitu useme kabla ya kugusa, "mama nataka kuosha mgongo sasa". Mkono ukiwa na kazi inayojulikana aibu inapungua, yako na yake pia.

(Wavulana, kitu kingine, mtaitwa daktari kabla hata mjue kusoma thamometa, na wasichana wataitwa sista hadi siku watakuwa madaktari kweli. Msizozane na wagonjwa juu ya hiyo.)

Wale wanaota ati wameua mtu, sikizeni. Hakuna mtu atakupatia sindano wiki ya kwanza. Diploma ya KRCHN, ile ya unesi wa afya ya jamii, ni miaka mitatu, na mwanzo ni darasa, anatomia, fiziolojia, misingi ya unesi, alafu chumba cha mazoezi na mtu wa plastiki ambaye ameshauawa na kila darasa na hajalalamika. Utatandika kitanda hadi uote kona za shuka. Utaoshwa akili na kuosha mikono, sekunde 40 hadi 60 kwa sabuni na maji, 20 hadi 30 kwa sanitaiza, na utadhani ni mchezo hadi usimamishwe mbele uonyeshe. Ukiingia wodini kuna mtu nyuma yako, kama mimi. Na leseni hupewi hadi ufanye mtihani wa Baraza la Wauguzi baada ya kumaliza chuo.

Kitu ambacho kingefaa kukuogopesha kidogo ni kujidunga na kunyamaza. Mwenzangu darasani alidungwa na sindano iliyotumika, sista wa zamu siku hiyo alikuwa mtu wa kufoka mbele ya wagonjwa, sasa huyu dada akaficha siku mbili. Alikuwa sawa mwishowe lakini hizo wiki za kungoja majibu zilimkondesha, na mi bado nina kinyongo na yule sista hadi leo. Ukidungwa osha na sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, sema saa hiyohiyo. Dawa za PEP, zile za kuzuia HIV, zinafaa kuanzwa haraka, zisipite masaa 72, na zinamezwa siku 28. Alafu chanjo ya hepataitisi B ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza, kwa hivo anza mapema ukiwa bado nyumbani kama unaweza.

Masomo, sina mengi. Baiolojia ya kidato cha nne itakubeba kiasi, baada ya hapo funga kitabu uandike kile unakumbuka kwa karatasi, alafu ufungue uone umeacha nini. Kupaka notsi rangi ya manjano sio kusoma. Wale wa mwaka wa pili kwa grupu ya WhatsApp wanaowatisha na sapu, ile mitihani ya kurudia ukianguka, nusu yao wanataka tu kuonekana wazee. Fees ongea na ofisi ya uhasibu kabla ya kuripoti, na HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, uombe mapema.

Na kama kuna mtu ananong'ona umeze propranolol ndo moyo utulie siku ya kuripoti, kataa. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa, na mtu mwenye asthma inaweza kumfunga kifua vibaya sana. Ikiwa hulali wiki mbili sasa, ama unashikwa na vipindi vya kukosa pumzi bila sababu, ama kichwa kinakwambia mambo ya kujidhuru, hiyo imepita mambo ya saa na vidole, enda hospitali iliyo karibu, na hiyo ya kujidhuru enda leo. Chuo nacho uliza mapema ofisi ya ushauri iko wapi. Mimi nilienda mwaka wangu wa pili na bado nikawa nesi.

Yule wa Ahero jumatatu aliniandikia asubuhi mapema. "Madam 96. Tumefika Nyamasaria, jamaa wa dirishani ananiangalia nikijishika mkono."

Nikamuuliza umekula.

"Chai na chapo mbili. Moja imekataa, iko kwa ndoo."