Mirathi ya Aaron Anthony: jinsi watu walivyogawanywa mafungu

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma majalada ya mirathi ya wakulima wa kusini mwa Marekani waliomiliki watumwa, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: kwa nini familia za watumwa zilivunjika hata pale ambapo hapakuwa na mnada? Tukifikiria mama akitenganishwa na mwanawe, huwa tunaliona jukwaa la mnadi na wanunuzi waliolizunguka. Jukwaa hilo lilikuwepo, lakini familia nyingi zilitawanywa kimya kimya, bwana akishazikwa, chini ya usimamizi wa mahakama, na warithi walioamini kwamba wanatendeana haki.

Nitaanza na mirathi moja ninayoirejea kila mara. Aaron Anthony aliishi katika kaunti ya Talbot, jimbo la Maryland, akiwa msimamizi mkuu wa mashamba ya tajiri Edward Lloyd. Yeye mwenyewe hakuhesabiwa kuwa tajiri. Alikuwa na mashamba mawili au matatu na watumwa wapatao 30. Alifariki mwaka 1826 bila kuacha wosia, na kwa hiyo ilibidi mali yake yote ithaminiwe ili igawanywe kwa warithi. Miongoni mwa mali hiyo alikuwemo mtoto wa miaka tisa hivi, Frederick, ambaye wakati huo alikuwa ametumwa Baltimore kuishi na shemeji wa binti wa marehemu. Dunia baadaye ilimjua kwa jina la Frederick Douglass, mwandishi na mpinga utumwa mashuhuri.

Mtoto huyo alirudishwa kwa jahazi hadi shambani ili naye atiwe bei. Katika kumbukumbu za maisha yake alizochapisha mwaka 1845 anaeleza kwamba wanaume na wanawake, wazee na vijana, walipangwa pamoja na farasi, kondoo na nguruwe, na wote wakakaguliwa kwa namna ile ile. Baada ya kuthaminiwa ukafuata mgawanyo, na hofu kubwa ya watumwa ilikuwa kuangukia fungu la Andrew, mwana wa marehemu, mlevi ambaye siku chache tu kabla ya hapo, Frederick akitazama, alimkamata mdogo wake Frederick, akamtupa chini na kumkanyaga kichwa kwa kisigino mpaka damu ikamtoka puani na masikioni. Frederick aliangukia fungu la binti, akarudishwa Baltimore. Alikuwa ameondoka kwa muda wa mwezi mmoja, naye anasema aliuona kama miezi sita.

Utaratibu wenyewe ulifanana katika majimbo mengi. Mahakama iliteua wathamini, kwa kawaida majirani waliokuwa wakulima na wamiliki wa watumwa, ambao walikwenda shambani na kuandika orodha: jina, mara nyingine umri, kisha thamani kwa dola. Madeni ya marehemu yalilipwa kwanza, na mara nyingi yalilipwa kwa kuuza watu, kwa sababu mtu aliuzika upesi kuliko shamba. Waliobaki walipangwa katika mafungu yenye thamani inayokaribiana, fungu moja kwa kila mrithi, na aghalabu warithi wakapiga kura kwa vikaratasi. Fungu lililozidi lilitakiwa kulipa fedha kwa fungu lililopungua. Kama binti alikwisha kupewa kijakazi siku ya ndoa yake, thamani ya kijakazi huyo iliweza kukatwa katika fungu lake.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami hupenda kukionyesha kwa hesabu. Tuseme warithi ni watatu, na orodha ina seremala wa dola 950, mkewe pamoja na mtoto mchanga dola 700, binti yao dola 450, mwana wao dola 300, kijana asiye na ndugu hapo dola 750, na bibi kizee aliyeandikiwa sifuri. Jumla ni dola 3,150, na kila mrithi anastahili dola 1,050. Familia ya seremala peke yake ina thamani ya dola 2,400. Mrithi ambaye angetaka kuiweka pamoja angelazimika kuwalipa wenzake dola 1,350 taslimu, na mkulima wa kawaida, ambaye mali yake ilikuwa ardhi na watu, hakuwa na fedha hizo. Kwa hiyo seremala anakwenda fungu la kwanza pamoja na bibi kizee. Mke, mtoto mchanga na mwana wanakwenda la pili. Binti anakwenda la tatu pamoja na kijana. Fungu la tatu linalipa la kwanza dola 100 na la pili dola 50, na daftari linafungwa. Hakuna mrithi aliyepunjwa hata senti, na familia haipo tena. Kadiri mgawanyo ulivyokuwa sawa kwa warithi, ndivyo ulivyozidi kuwakata watumwa vipande, na huo ndio ukatili ninaotaka wasomaji wangu wauone.

Mrithi angeweza kuwa mtoto mdogo pia. Mwaka 1825, mjini Edenton, North Carolina, msichana Harriet Jacobs aliachwa kwa wosia kwa mtoto wa miaka mitatu, na aliyemtawala hasa akawa baba wa mtoto huyo, daktari James Norcom, ambaye alimsumbua kwa miaka mingi. Wosia nyingi ziligawa hata wasiozaliwa bado: mwanamke alirithishwa yeye pamoja na “uzao wake”, kwa kuwa tangu mwaka 1662 sheria ya Virginia ilimfanya mtoto afuate hali ya mama yake. Msomaji wa pwani anayeijua fikihi ya mirathi atashtuka hapa, maana katika sheria ya Kiislamu suria aliyemzalia bwana wake huwa huru bwana anapofariki, na mtoto aliyekiriwa na baba yake huwa mrithi. Kusini mwa Marekani mtoto wa namna hiyo aliandikwa katika orodha kwa bei yake, akagawiwa nduguze wa baba mmoja. Douglass aliandika kwamba ilinong'onwa kuwa bwana wake ndiye baba yake.

Hata hivyo karatasi hizi za mirathi ndizo ninazowashauri wazao wa watumwa kuzitafuta kwanza. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, karibu wote bila majina, na ni sensa ya mwaka 1870 iliyowataja kwa majina kama watu wengine. Kabla ya hapo, orodha ya mirathi mara nyingi ndiyo pekee yenye jina. Isomeni kwa kufuata mpangilio wake, kwa sababu mtoto mdogo huandikwa mara nyingi mara tu baada ya mama yake. Kisha fuateni kila mrithi hadi alikohamia, kwani ndiko waliko waliokuwa katika fungu lake.

Douglass mwenyewe hakuwahi kuwa na hakika ya umri wake, na kwa maisha yake yote aliamini kwamba alizaliwa mwaka 1817. Alifariki mwaka 1895. Daftari la Aaron Anthony, lililohifadhiwa katika nyaraka za jimbo la Maryland, lina mstari mmoja unaomtaja Frederick Augustus, mwana wa Harriet (mama yake Douglass, si Harriet Jacobs), Februari 1818.