Katiba ya India haikufuta matabaka

Dhana: Katiba ya 1950 ilifuta matabaka, yale makundi ya juu na chini ambayo mtu huyarithi kwa kuzaliwa.

Haikufuta. Ibara ya 17 ilipiga marufuku desturi ya kuwahesabu watu fulani kuwa najisi wasiofaa kuguswa. Tabaka lenyewe lilibaki, na orodha rasmi za matabaka yaliyoonewa zinatumika hadi leo kugawa viti maalumu vya ubunge na nafasi za kazi serikalini.

Dhana: Wadaliti, yaani hao waliohesabiwa najisi, walipewa haki hizo na wakubwa waliowahurumia.

Walizidai wenyewe. Bwawa la umma la mji wa Mahad, magharibi mwa India, lilikwisha kufunguliwa kwao kwa azimio la manispaa, lakini kwenye karatasi tu. Mwezi Machi 1927 B. R. Ambedkar, mwanasheria Mdaliti, aliongoza maelfu ya watu wakayanywa maji yake. Walipigwa, na bwawa likafanyiwa tambiko la kulitakasa. Miaka ishirini baadaye, Ambedkar ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya Katiba.

Dhana: Sheria ya 1955 ya kuwaadhibu wanaowatenga Wadaliti ilitosha, hizi nyingine ni siasa.

Sheria ile ilikuwa dhaifu mno. Kifungo hakikuzidi miezi sita, tena mlalamikaji na mshtakiwa waliruhusiwa kumalizana. Kibarua asiye na shamba atamalizana vipi na tajiri anayemlipa ujira wa kila siku? Mwanya huo ulizibwa mwaka 1976.

Bado ukatili ulikuwa nje ya sheria hiyo. Tarehe 25 Desemba 1968, huko Kilvenmani, Tamil Nadu, Wadaliti 44, wengi wao wanawake na watoto, waliteketezwa ndani ya kibanda kufuatia mgogoro wa ujira. Wenye mashamba walioshtakiwa waliachiwa na Mahakama Kuu ya Madras. Ndiyo maana sheria ya 1989 ya kuzuia ukatili dhidi ya matabaka yaliyoonewa inataja vitendo kwa majina: kumlisha mtu uchafu, kumvua nguo na kumtembeza hadharani, kumpora ardhi. Inamwadhibu pia mtumishi wa umma anayepuuza wajibu wake kwa makusudi, na kwangu hicho ndicho kifungu chenye thamani kubwa kuliko vyote, kwa kuwa kesi nyingi hufia kituo cha polisi.

Dhana: Sheria hiyo ni ya kubambikia watu kesi.

Machi 2018 Mahakama ya Juu ilikubali hofu hiyo ikaweka masharti kabla ya mtu kukamatwa. Maandamano yakazuka nchi nzima, Bunge likayaondoa masharti hayo mwaka huohuo, na mwaka 2019 mahakama yenyewe ikayabatilisha. Mshtakiwa kuachiwa si ushahidi kwamba mlalamikaji alidanganya. Shahidi anayeishi kwenye ardhi ya mshtakiwa ana sababu ya kunyamaza.

Dhana: Sheria inamlinda kila Mdaliti.

Amri ya Rais ya 1950, yenye orodha rasmi ya matabaka hayo, iliwatambua Wahindu tu, pamoja na Masingasinga wa matabaka machache ya Punjab. Masingasinga wengine waliongezwa 1956, Wabudha 1990. Mdaliti Mkristo au Mwislamu hamo kwenye orodha, hivyo hawezi kuitumia sheria ya 1989, hata kama majirani bado wanamtenga kwa tabaka lilelile la babu yake.